Aliyekopesha ndiye athibitishe, si mama wa watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Majuzi kuna msomaji mwenzangu aliandika hapa akisema kila mtu ambaye jina lake limechafuka kule CRB, zile kampuni zinazoweka kumbukumbu za nani amekopa na nani hajalipa, ni mdeni sugu, alikula pesa za watu akanyamaza, sasa benki zikimnyima mkopo anaanza kulialia. Nilisoma nikacheka kidogo halafu nikakasirika kabisa, kwa sababu huyo ndugu naona hajawahi kukaa pale ninapokaa mimi. Mimi nina kibanda cha kuchapa na kupiga fotokopi hapa Busia, upande wetu wa Uganda, na mtu akishazungushwa na ofisi yoyote mwisho anakuja kwangu kuandikiwa barua. Barua za LC, yaani serikali ya kijiji, mikataba ya viwanja, afidaviti za majina yaliyokosewa, hizo nimezizoea. Siku hizi kuna barua nyingine imeingia na inazidi kuongezeka, barua ya mtu kusema mimi sijakopa.

Nitaeleza ya mtu mmoja tu, na jina lake siliweki wala la kampuni siliweki maana jambo bado liko mezani. Ni mama anayeuza mukene, dagaa wetu wa ziwani, anachukua Majanji kule ziwani analeta soko la hapa, mtu wa chama, akiba anaweka kila wiki, na akikopa kwenye chama analipa kabla hata hajaulizwa. Alienda benki kuomba pesa za kuongeza mtaji. Afisa wa mikopo akabonyeza kompyuta yake akamwambia mama wewe una deni la kampuni fulani ya kukopesha huko Kampala, muda mrefu halijalipwa, nenda ukamalizane nao kwanza ndio urudi. Sasa huyu mama Kampala anaijua kwa kwenda msibani. Akaja kwangu na kikaratasi alichoandikiwa, akaniambia mwanangu hebu nisomee, hawa watu wanasema nimechukua nini na nimechukua lini.

Tukaandika barua kuomba hiyo kampuni itupe kopi ya fomu ya mkopo. Walituzungusha weee, mara mhusika yuko likizo, mara faili liko stoo, mwishowe wakatuma picha kwa WhatsApp. Nikaifungua nikaikuza kwenye kompyuta mama akiwa amekaa pembeni yangu. NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, ni yake, herufi na tarakimu zote 14 hakuna hata moja iliyokosea. Jina lake, kijiji chake, tarehe ya kuzaliwa, vyote sawa. Namba ya simu si yake, hajawahi kuwa nayo. Halafu chini pale kwenye sahihi kuna sahihi ya nguvu, imezungushwa ikazungushwa tena ikapigiwa mstari chini, sahihi ya mtu aliyekaa darasani miaka. Mhariri, huyu mama hajui kuandika! Karatasi zote nilizowahi kumchapia mimi anaweka dole gumba, na kitabu cha chama chao kimejaa hilo dole kwa wino wa bluu ukurasa baada ya ukurasa. Alitazama ile sahihi akaniuliza, yaani huyu aliyeniiba amesoma kunishinda?

Unaweza kudhani hapo mambo yameisha. Tuliwapelekea picha za kitabu cha chama, barua ya chairman wa LC1 yenye muhuri, na maelezo ya katibu wa chama. Jibu likarudi mstari mmoja, kwamba mfumo wao unaonyesha mkopaji ni yeye, kama anakataa alete ushahidi wa polisi. Polisi afande akamwambia hilo ni deni, deni ni mambo ya civil, ya madai si ya jinai, tafuta loya. Loya naye, kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, anataka pesa ya kufungua faili, na ukipiga hesabu ile pesa inakaribia lile deni lenyewe. Ndiyo maana watu wengi wanalipa tu. Wanalipa deni la mwizi ili wapate amani, halafu wanahesabiwa kuwa ndio wadeni wenyewe waliolipa kwa kuchelewa. Huyo ndugu aliyeandika majuzi akiona takwimu zake anasema unaona, si walikuwa wamekopa!

Nirudi nyuma kidogo kwa wasiojua hii CRB inavyofanya kazi. Ilianza hapa kwetu mwisho wa 2008, na wakati huo hatukuwa na kitambulisho cha taifa kwa hiyo mkopaji alichukuliwa alama za vidole akapewa kadi, Financial Card, wenye umri wangu mnaikumbuka. Baadaye kuandikisha vitambulisho vya taifa kukaanza 2014, sheria ya NIRA, wale wanaotoa vitambulisho, ikaja 2015, NIN ikawa ndiyo jina lako halisi kwenye kompyuta zote, benki, laini ya simu, kila mahali. Halafu 2016 sheria ya mabenki ikarekebishwa ikafungua mlango kwa wakopeshaji wengine ambao si benki nao waingie kwenye huu mfumo. Mimi sipingi CRB. Zamani mtu alikuwa anakopa benki hii anakimbilia benki ile, na sisi tunaolipa vizuri ndio tunabebeshwa riba ya wale wasiolipa. Lakini ona kilichotokea. Zamani ilikuwa vidole, na kidole huwezi kumwazima mtu. Leo kuna mkopeshaji ambaye kopi tu ya ndagamuntu, hicho kitambulisho cha taifa, inamtosha.

Na hizo kopi ziko wapi? Ziko kila mahali. Mimi ndiye ninayezipiga kwa hiyo najua. Unasajili laini wanataka kopi, unaingia sacco kopi, mtoto anaingia shule kopi ya mzazi, mradi umekuja kugawa mbegu kopi, unachukua boda ya kulipia kidogo kidogo kopi yako na kopi ya wadhamini. Zikishafika huko hakuna anayejua zinaishia wapi. Nimeshawahi kununua rolex stendi, ile chapati ya mayai, imefungwa kwenye kopi ya kitambulisho cha mtu, mzee wa watu uso wake ananitazama mafuta yanamtiririka shavuni na NIN yake inasomeka vizuri tu. Kwangu kopi iliyoharibika naichoma jioni, lakini mimi ni kibanda kimoja.

Watu wanasema hakuna sheria. Sheria zipo, tena si za jana. Tuna sheria ya kulinda data na faragha, Data Protection and Privacy Act ya 2019, na kanuni zake za 2021, na ofisi yake ipo, inaitwa PDPO, iko chini ya NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari. Sheria hiyo inakupa haki ya kuuliza mtu ana taarifa gani zako, haki ya kudai zirekebishwe kama ni za uongo, na kama umeumia unaweza kwenda kortini kudai fidia. Mtu anayechukua au kutoa data za mwenzake kinyume cha sheria anaweza kupigwa faini hadi currency point 240, yaani shilingi 4,800,000, au jela hadi miaka 10, au vyote viwili. Kuna Computer Misuse Act ya 2011 kwa wizi wa kwenye mitandao. Wakopeshaji wadogo wanasimamiwa na UMRA, mamlaka ya mikopo midogo, kwa sheria ya 2016, benki na hizo CRB zenyewe zinasimamiwa na Bank of Uganda. Kwa hiyo milango ipo mingi, na tabu ni hiyo hiyo, kila mlango unakwambia anza na ule mwingine. Mtu mwenye loya anaandika barua moja inakwenda kote siku moja. Muuza mukene anapoteza siku ya soko kwa kila mlango.

Sasa hapo kwenye loya ndipo ninapotaka kukaa. Katiba yetu kwenye kifungu cha 28 inasema serikali itamlipia loya mtu aliyeshtakiwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo au kifungo cha maisha. Sawa kabisa, mtu anayekabili kifungo cha maisha apewe loya. Lakini mama yetu hajashtakiwa, ameibiwa, kwa hiyo hapo hayumo. Kuna ile korti ya madai madogo, ya madai yasiyozidi shilingi milioni 10, haihitaji loya na ni nzuri sana, ila ile imetengenezwa kwa mtu anayedai pesa. Mama hadai pesa, anadai jina lake. Kuna Justice Centres Uganda za mahakama, hapa karibu yetu wako Tororo, kuna FIDA wanaosaidia kina mama, kuna Legal Aid Project ya Uganda Law Society, chama cha mawakili, tangu 1992, kuna kliniki ya Law Development Centre. Hawa ni watu wazuri, nimewaona wakisaidia wajane kurudishiwa mashamba. Lakini ukienda na kesi ya CRB unaona kwenye uso wa yule kijana wa mapokezi kwamba hajui akuweke foleni gani. Ya ardhi anaijua, matunzo ya mtoto anayajua, mume anayepiga anayajua. Mkopo uliochukuliwa na mtu mwingine kwa jina lako? Anaandika kwenye daftari, nyingineyo.

Na wakati huo huo kanuni za mawakili za 2009 zinamtaka kila wakili atoe masaa 40 kwa mwaka bure kwa watu wasio na uwezo, au alipe pesa badala yake. Masaa 40! Barua ya kukataa deni, barua kwa CRB, malalamiko kwa PDPO, mtu aliyesomea hiyo kazi anamaliza zote asubuhi moja akabaki na muda wa chai. Uganda Law Society wangesema tu kwamba kesi za kuibiwa jina zinahesabiwa kwenye hayo masaa 40, na wakatoa siku moja kwa mwezi kwenye miji ya mpakani kama Busia, Malaba, Mutukula na Mpondwe, ambako kopi za watu zinazunguka kuliko noti, mambo yangebadilika haraka. Halihitaji bunge hilo.

Mtoto wa kaka yangu yuko Marekani, Boston, na yeye yalimkuta, mtu alifungua kadi ya mkopo kwa jina lake. Nilimuuliza alifanyaje nikashangaa. Kule sheria yao ya taarifa za mikopo ni ya 1970, inaitwa Fair Credit Reporting Act, wameiongezea nyama kila baada ya muda. Unaripoti kwa FTC, ofisi ya serikali yao inayolinda wateja, kwenye mtandao, unapata karatasi rasmi ya kusema umeibiwa utambulisho, unaipeleka kwa zile kampuni za CRB pamoja na uthibitisho kwamba wewe ni wewe, na wao wanatakiwa kulifungia lile deni la uongo lisionekane ndani ya siku 4 za kazi. Tangu 2018 mtu yeyote anaweza kufunga faili lake bure kabisa, likifungwa mwizi hata awe na kopi zako zote anapata shida sana kukopa kwa jina lako, mpaka wewe mwenyewe ufungue. Na kilichonifurahisha zaidi ni hiki, ukiwashtaki ukashinda, kampuni iliyokosea inamlipa loya wako. Kwa hiyo wako maloya wanaochukua hizi kesi bila kumdai mteja hata senti, wanajua watalipwa na aliyeshindwa. Kule nako si peponi, kijana aliniambia mara ya kwanza alijibiwa tumethibitisha deni ni lako, wala faili hawakufungua. Na 2017 wezi waliingia kwenye kompyuta za Equifax, moja ya CRB zao kubwa, wakachukua data za watu kama milioni 147. Lakini alipopata loya, huyo loya aliandika barua moja tu, na mambo yakanyooka.

Huo ndio utaratibu ninaoutaka hapa. Mkopeshaji ndiye aliyekuwepo pesa ikitoka. Yeye ndiye mwenye fomu, mwenye namba ya simu iliyopokea pesa, mwenye kamera ukutani, mwenye afisa aliyekula komisheni. Mama yeye hakuwepo, sasa atathibitishaje kwamba hakuwepo? Atuletee picha ya yeye akiwa hayupo? Mtu akishakataa deni kwa maandishi na akala kiapo, basi lile deni litolewe kwenye CRB kwanza, na mkopeshaji apewe siku za kuleta ushahidi wake, akishindwa lifutwe na gharama za mama alipe yeye. Bank of Uganda na UMRA wakitaka hili wanaweza kuliweka kwenye masharti ya leseni.

Najua kuna watakaosema watu watadanganya, mtu atakopa, atakula, halafu aje kusema si mimi. Wapo, siwezi kuwakataa, mmoja alikuja kwangu nimwandikie barua ya namna hiyo na namba ya simu iliyopokea pesa ndiyo hiyo hiyo aliyonipigia asubuhi. Nikamrudishia karatasi zake. Lakini huyo amekamatwa kwa namba ya simu, si kwa kumnyima kila mtu nafasi ya kusikilizwa. Anayekula kiapo cha uongo sheria inamjua.

Kilicho kigumu zaidi ni kingine, na hiki magazeti hayakigusi. Mara nyingi mwizi analala nyumba hiyo hiyo. Kijana anachukua simu ya baba yake akiwa msikitini, anakopa kwenye hii mikopo ya mobile money, anafuta meseji. Au binti wa dada anajua kitambulisho cha shangazi kinawekwa chini ya godoro. Mzee anapogundua unamwambia haya mzee twende polisi tuandikishe, anakutazama tu. Nitamfungaje mwanangu kwa laki tatu? Na bila ripoti ya polisi mkopeshaji hasikii, kwa hiyo mzee anabeba deni na CRB mpaka siku atakayozikwa. Hapa askari hasaidii, hapa panahitaji mtu wa sheria aliyetulia, aite mkopeshaji, aite kijana, aandikwe mkataba kijana alipe kwa jina lake na jina la baba litoke. LC wetu wanajua sana kusuluhisha mambo ya namna hii lakini makubaliano ya LC kampuni ya Kampala haiyatambui. Wakili akiweka sahihi yake chini inayatambua.

Wenzetu ng'ambo ya geti, Kenya, nao wana sheria yao ya data ya 2019, na kamishna wao 2023 alipiga faini kampuni za kukopesha kwa simu kwa kuchezea data za watu. Sisi tunaishi nao mtaa mmoja, tunasikia redio zao. Ningependa kusikia habari kama hiyo kwa upande wetu pia.

Kwa msomaji ambaye limemkuta leo na hana wa kumkimbilia, hiki ndicho ninachowaambia wanaokuja kibandani. Omba ripoti yako kwa CRB uone ni nani hasa aliyekuandika na kiasi gani, usipigane na kitu usichokiona. Kila kitu kiwe kwa maandishi, barua nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, maana simu ukishakata hakuna aliyesema kitu. Polisi usiondoke bila namba ya SD, yaani ya daftari la matukio la kituo, hata kama afande anasema si kazi yake, mwombe kwa heshima, mwambie afande mimi nataka tu iandikwe. Na tafadhali tafadhali usilipe kidogo. Watakwambia lipa hata elfu hamsini kuonyesha nia njema tutakusaidia. Ukilipa umekubali deni, na mbele ya hakimu hiyo risiti ndiyo itakayotolewa kwanza. Ukilazimika kuacha kopi ya ndagamuntu mahali popote, chukua kalamu andika juu ya picha yenyewe kwamba kopi hii ni ya kusajili laini tu, na tarehe. Mwizi ataona uvivu atatafuta ya mwingine.

Mama wa mukene tumempeleka kwa wale Justice Centres wa Tororo, wamepokea karatasi zake na wakili amewaandikia ile kampuni akiwataka walete fomu halisi, si picha. Hawajaleta. Benki bado inamwona mdeni na msimu wa mukene unapita.

Ombi langu kwako Mhariri, tuma mwandishi wako awaulize PDPO swali moja tu, kwamba tangu waanze kazi ni wananchi wangapi wa kawaida wamefutiwa deni lisilo lao na ilichukua muda gani. Mkichapa jibu nitalibandika ukutani kwangu watu wasome.

Na barua za kukataa mkopo wa mwizi kwangu nachapa bure, mwenye shida aje tu. Aje na kitambulisho chake mkononi na arudi nacho, kopi asiniachie.

Mwenye kibanda cha fotokopi,
Busia, Uganda